Kuwinda musi Kanada kwa gharama nafuu: mwongozo kwa mwindaji anayetoka Marekani

Musi ndiye mnyama mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu. Dume aliyekomaa wa mashariki mwa Kanada hufikia kilo 400 na zaidi, na akishachunwa na kutolewa mifupa huacha nyama safi ya kilo 150 hadi 200. Marekani nako wapo, lakini mgeni anayetaka kumwinda Maine, New Hampshire au Vermont lazima aingie kwenye bahati nasibu, na wako wanaoomba kila mwaka bila jina lao kutoka. Ndiyo maana wengi huvuka mpaka. Kanada kuna majimbo ambayo mgeni hupata leseni ya musi bila kusubiri bahati, ila kila jimbo lina masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayoamua safari itagharimu kiasi gani.

Wengi huanza kwa kuulizia bei ya leseni, wakati leseni ni sehemu ndogo ya hesabu. Fedha huliwa na mwongozaji, safari ya barabara, na kazi ya kuirudisha nyama nyumbani ikiwa bado nzima. Anayetaka safari nafuu abane kwenye malazi, chakula, nguo na bunduki mpya. Asibane kwenye nafasi ya kumpata mnyama wala kwenye barafu.

Kwanza hakikisha utaruhusiwa kuingia

Hatua hii huja kabla ya kulipa arbuni yoyote. Kanada humzuia mpakani mtu mwenye hatia ya jinai, na kwa Wamarekani kosa linalowakwamisha mara nyingi ni kuendesha gari wakiwa wamelewa. Tangu Desemba 2018 kosa hilo linahesabiwa Kanada kuwa kosa zito, hata kama kwenu lilimalizwa kwa faini na likasahaulika. Afisa wa mpakani huona rekodi yako kwenye kompyuta, kwa hiyo kunyamaza hakusaidii.

Mwenye rekodi ana njia mbili. Anaweza kuomba kibali cha muda cha kuingia, au, ikiwa imepita miaka 5 tangu amalize adhabu yote pamoja na muda wa uangalizi, aombe kusafishiwa jina na idara ya uhamiaji ya Kanada. Njia ya pili huchukua miezi mingi, kwa hiyo ianze mwaka mmoja kabla ya msimu. Kampuni nyingi za uwindaji hazirudishi fedha za mteja aliyezuiwa mpakani. Kama mnasafiri wanne kwa pikapu moja, kila mmoja aulizwe swali hili waziwazi tangu mwanzo, maana mmoja akizuiwa, mgao wa gharama za wote hubadilika.

Kuchagua jimbo

Kanada ni kubwa, lakini ukitafuta unafuu orodha inakuwa fupi.

Nova Scotia iondoe mara moja: leseni zake za musi ni za wakazi tu. Yukon na British Columbia zina musi wakubwa wa kupendeza, lakini mgeni anayetoka nje ya nchi hulazimika kuwa na mwongozaji mwenye leseni, na mara nyingi ndege ndogo huingia kwenye hesabu. British Columbia ina njia finyu ya kusindikizwa na mkazi mwenye kibali maalumu. Kama huna mtu huko, usiipangie bajeti. Ontario humpa mgeni nafasi kupitia mgao wa kampuni za utalii wa uwindaji, au akiwa na ndugu wa karibu anayeishi humo. Mgao huo ni mdogo na wateja wa zamani huushika mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo mwenye mfuko mwembamba hubaki na Quebec na Newfoundland, na tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa.

Quebec ndiyo sehemu ambayo mgeni anaweza kuwinda musi bila mwongozaji, mradi awe kusini mwa latitudo ya 52. Kaskazini ya mstari huo lazima atumie kampuni ya uwindaji. Gharama inaweza kushuka sana, lakini nafasi ya kumpata mnyama inategemea jitihada zako na jinsi unavyoijua ardhi.

Newfoundland ni kisiwa chenye musi wengi ajabu. Hawakuwapo huko kiasili. Waliletwa mwaka 1878 na tena mwaka 1904, na kwa kuwa mbwamwitu wa kisiwani walikwisha kabisa mapema katika karne ya 20, walizaana bila adui mkubwa wa porini. Hapo mgeni lazima aende na kampuni yenye leseni, kwa hiyo bei ya chini kabisa ni kubwa kuliko ya Quebec. Lakini ukigawanya gharama kwa uwezekano wa kurudi na nyama, mara nyingi Newfoundland haiachwi mbali. Kwa mtu anayeenda mara moja tu katika miaka kadhaa, na asiyeijua misitu ya kaskazini, tungemshauri Newfoundland. Kwa kundi la marafiki wawili au wanne walio tayari kurudi sehemu ileile miaka mitatu mfululizo, Quebec inalipa zaidi.

Wapo wanaofikiria Alaska badala ya Kanada. Mmarekani asiye mkazi wa Alaska anaruhusiwa kuwinda musi huko bila mwongozaji. Leseni ni dola 160 na lebo ya musi, inayofungwa kwenye mnyama aliyeuawa, dola 800. Lakini raia wa nchi nyingine, Mkanada akiwemo, lazima awe na mwongozaji. Na atakayeenda kwa barabara akipitia Kanada na bunduki atajaza fomu zilezile tutakazozieleza hapa chini.

Quebec bila mwongozaji

Ardhi ya uwindaji ya Quebec imegawanyika katika aina kadhaa. Zec ni eneo la umma linaloendeshwa na chama cha wenyeji, na yapo zaidi ya 60 katika jimbo zima. Unajiandikisha kwenye kituo cha kuingilia, unalipa ada ya siku au ya msimu, unawinda, na ukitoka unaandika ulichopata. Huhitaji kushika nafasi mapema, lakini pia hakuna anayekugawia kipande chako. Pourvoirie ni kampuni inayokodisha kibanda, mashua na wakati mwingine haki ya pekee ya kuwinda kwenye eneo lake. Yenye haki ya pekee ni ghali zaidi, na kwa malipo hayo hutakutana na kundi jingine kwenye kilima chako. Kuna pia ardhi huru ya serikali, isiyo na ada ya kuingia.

Njia nafuu yenye akili ni hii: kodi kibanda kwenye pourvoirie isiyo na haki ya pekee, au piga hema mahali zec inaporuhusu, halafu winda kwenye zec au ardhi huru iliyo karibu. Unapata kitanda kikavu, jiko, na mara nyingi mahali pa kutundikia nyama, bila kulipia mwongozaji.

Mgeni anapokosea kwenye zec, kosa huwa ni kujifanyia tu anavyotaka. Wenyeji wana vibanda vya juu ya miti, mawe ya chumvi waliyoweka tangu majira ya kuchipua, na kona ambazo baba zao waliwinda. Kisheria ardhi ni ya wote, lakini ukijipachika mita 200 kutoka kibanda cha mtu umeharibu juma lako na lake. Piga simu ofisi ya zec mwezi Mei au Juni, uliza sehemu zenye watu wachache, na fika angalau siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa. Maneno machache ya Kifaransa yatakufungulia milango mingi, maana vituo vingi vya vijijini havina mtu wa Kiingereza.

Sheria mbili za Quebec hubadilisha hesabu kabisa. Kwanza, katika sehemu kubwa ya maeneo kiwango ni musi mmoja kwa wawindaji wawili: lebo za leseni mbili hufungwa kwenye mnyama mmoja. Kwa hiyo watu wawili hawapangi kurudi na musi wawili, na wa tatu asiye na mwenzake hubaki amening'inia. Pili, ruhusa ya kupiga jike hutegemea kanda na mwaka. Kuna miaka ambayo dume na ndama tu ndio halali. Soma kanuni za kanda yako za mwaka huohuo. Za mwaka jana hazikusaidii chochote.

Kipindi cha bunduki kusini mwa jimbo huangukia zaidi Oktoba, wakati joto la kupandana limeanza kupoa. Kipindi cha upinde hutangulia, na mara nyingi hukutana na kilele cha kupandana, mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Mwenye ujuzi wa upinde hupata faida mbili hapo: madume huitika, na msitu una watu wachache.

Newfoundland na mwongozaji

Hapa unanunua kifurushi kizima: leseni, mwongozaji, kitanda na chakula, kwa kawaida kwa juma moja. Kilicho nafuu ni mwongozaji mmoja kwa wawindaji wawili, kwenye kambi inayofikika kwa gari. Kambi za ndege ni nzuri, lakini ndege huongeza gharama wakati wa kwenda, na tena wakati wa kutoa nyama.

Kabla ya kutuma arbuni, piga simu na uulize haya, na majibu yaandikwe kwenye mkataba:

- Leseni ni ya dume tu au ya jinsia yoyote? Ya jinsia yoyote huongeza sana nafasi ya kurudi na nyama.
- Kodi imejumlishwa? Newfoundland ina kodi ya mauzo ya asilimia 15, kwa hiyo kifurushi kilichotangazwa kwa dola 6,000 kinaweza kuishia 6,900. Quebec kodi mbili kwa pamoja hukaribia asilimia 15 pia.
- Bei ni kwa dola ya Kanada au ya Marekani? Kampuni nyingi zinazotafuta Wamarekani hutangaza kwa dola ya Marekani.
- Nani anambeba mnyama hadi barabarani, na kwa chombo gani?
- Kukata na kugandisha nyama kumo ndani, au ni bili nyingine ya bucha?
- Wakisema wana mafanikio ya asilimia fulani, wanahesabu wanyama waliouawa au wawindaji waliopata nafasi ya kufyatua? Hizo ni hesabu mbili tofauti.
- Nikizuiwa mpakani, au feri isiposafiri, fedha zangu zinakwenda wapi?

Omba namba za wateja watatu, mmoja wao awe aliyerudi mikono mitupu. Huyo ndiye atakayekueleza jinsi mwongozaji alivyofanya kazi siku ya tano ya mvua.

Ukiweza kuchagua juma, juma la kwanza na la pili la Oktoba lina usawa mzuri: madume bado hutembea, na hewa imeanza kupoa kiasi cha kuilinda nyama. Mwisho wa msimu mara nyingi huwa na punguzo, majani yameshaanguka na unaona mbali zaidi kwenye vinamasi. Ila madume wamenyamaza, na upepo wa kisiwa hicho ni mkali.

Kufika ni kwa feri ya Marine Atlantic kutoka North Sydney, Nova Scotia. Njia ya kwenda Port aux Basques huchukua takriban saa 7 na huendelea mwaka mzima. Njia ya Argentia ni ya takriban saa 16, nayo hufungwa vuli inapoanza. Shika nafasi ya gari na trela miezi mapema, na acha siku moja ya ziada pande zote mbili, kwa sababu dhoruba husimamisha feri bila kubembeleza mtu. Chumba cha kulala kwenye feri kinaweza kuachwa, kiti kinatosha. Ukishuka kisiwani, usiendeshe usiku. Musi ni mweusi, mrefu, na macho yake yako juu ya mwanga wa taa. Ajali za magari na musi ni za kawaida mno huko, na mnyama mwenye miguu mirefu hivyo huangukia kwenye kioo cha mbele.

Hesabu inavyogawanywa

Kundi linalopunguza gharama zaidi ni la watu wanne kwenye pikapu moja yenye trela ndogo. Wawili hugawana gari kwa nusu tu. Sita huhitaji gari la pili, na hapo unafuu wote umepotea. Pikapu inayovuta trela hula kama lita 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo safari ya kilomita 2,500 kwenda na kurudi ni lita 375. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, gawanya kwa nne, na utaona barabara si tatizo. Ndege ndiyo tatizo, kwani kilo 150 za nyama kama mizigo ya ziada huweza kugharimu kuliko tiketi.

Weka kwenye bajeti mistari ambayo watu husahau: bakshishi ya mwongozaji na mpishi, ambayo mara nyingi hukadiriwa kwa asilimia 10 ya kifurushi, ada ya kadi ya benki kwa malipo ya nje, bima ya matibabu ya safari, bucha, na barafu. Jiwekee mfuko wa dharura wa siku mbili za ziada, maana mnyama anaweza kuanguka jioni ya siku ya mwisho.

Bunduki mpakani

Mgeni asiye na leseni ya silaha ya Kanada hutumia fomu ya polisi wa taifa wa Kanada, RCMP 5589. Chapisha nakala, ijaze nyumbani kwa herufi zinazosomeka, lakini usiitie sahihi. Sahihi hutiwa mbele ya afisa wa forodha. Ada ni dola 25 za Kanada kwa fomu nzima, si kwa kila bunduki, na fomu iliyothibitishwa ni halali kwa siku 60. Ukiwa na bunduki zaidi ya tatu unahitaji karatasi ya nyongeza, RCMP 5590, lakini kwa musi mbili zinatosha kabisa: yako na ya akiba ya kundi.

Peleka bunduki ya kawaida ya kuwindia, yenye bolti ya mkono. Tangu Mei 2020 Kanada imepiga marufuku zaidi ya aina 1,500 za silaha zenye mtindo wa kijeshi, AR-15 ikiwemo, na orodha imeendelea kurefuka. Bastola iache nyumbani. Uhamishaji wa bastola ulifungwa Oktoba 2022 na hakuna mwindaji anayeihitaji kwa musi. Dawa ya kupulizia dubu inaruhusiwa ikiwa lebo yake inasema wazi ni ya wanyama. Ile ya kujilindia dhidi ya watu ni silaha haramu Kanada, na ikikutwa kwenye mlango wa gari utapata shida kubwa kwa kitu kidogo.

Risasi 200 kwa mwindaji huingia bila ushuru. Chukua 40: kumi na tano za kuhakiki shabaha, zilizobaki za kuwindia. Bunduki iwe tupu, imefungwa kwenye kasha, na isiwe mahali ambapo mkono wa dereva unafika. Ukiulizwa, jibu swali lililoulizwa, taja bunduki kabla ya kuulizwa mara ya pili, na onyesha karatasi ya kampuni au ya kibanda ulichokodi. Vuka mchana, kwenye kituo kikubwa kama Houlton au Calais ukielekea mashariki, au Derby Line na Jackman ukielekea Quebec. Vituo vidogo vya mashambani vina saa za kufunga, na afisa aliyepo huenda hajashughulikia fomu hiyo kwa muda mrefu.

Kabla hujaondoka Marekani, pita ofisi ya forodha ya kwenu na bunduki ikiwa tupu upigiwe muhuri fomu CBP 4457. Haina malipo, na ndiyo inayothibitisha wakati wa kurudi kwamba ulitoka na silaha hiyo. Bila hiyo unaweza kubaki unaeleza umeinunua wapi.

Vifaa na risasi moja nzuri

Bunduki unayoitumia kwa kulungu wa kwenu, ya kalibari ya .270, .308 au .30-06, inatosha. Tumia risasi imara ya greni (kipimo cha uzito wa risasi) 150 hadi 180, isiyopasuka mapema, kwa sababu bega la musi ni nene. Jaribu tena shabaha baada ya kufika, maana kilomita 1,000 za barabara mbovu zinaweza kusogeza darubini ya bunduki.

Lenga mapafu: fuata ukingo wa nyuma wa mguu wa mbele kwenda juu, piga kati ya theluthi ya chini na katikati ya kifua. Musi aliyepigwa vizuri mara nyingi husimama tu kana kwamba hakuna kilichotokea, halafu huanza kuyumba. Usimngoje, piga tena akiwa wima. Wanaopoteza musi waliojeruhiwa mara nyingi waliamini walikosa kwa sababu hakuanguka.

Usifyatue akiwa majini au ukingoni mwa maji. Mwili wa kilo 400 ndani ya ziwa unahitaji mashua, winchi na usiku mzima. Pia usifyatue zaidi ya kilomita moja kutoka mahali gari au mashua inapofika, kama hamna chombo cha kubebea. Kwa hesabu ya kilo 30 kwa mgongo mmoja, nyama ya kilo 180 ni mizigo sita. Kila mzigo kwenye kinamasi huchukua kama saa moja na nusu kwenda na kurudi. Wawili watafanya kazi hiyo saa nne na nusu, bila kuhesabu ngozi na pembe.

Beba visu viwili vikali na kinoleo, msumeno mdogo wa mfupa, kamba ya mita 30 na kapi mbili, turubai la mita 3 kwa 4, mifuko nane ya kitambaa chepesi cha pamba, glavu, na taa ya kichwani kwa kila mtu. Vaa fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa. Quebec hudai ionekane kutoka pande zote kwa angalau sentimita za mraba 2,580.

Kwa kumwita, sauti ya jike, mlio mrefu wa puani unaoshuka, unatosha kwa sekunde kadhaa, kisha kaa kimya dakika 20 hadi 30. Tazama upande upepo unakoelekea, kwa maana dume mzee huzunguka nyuma anuse kwanza. Anaweza kuja bila kuvunja kijiti. Wawindaji wengi huinuka kujinyoosha dakika chache kabla hajatokea.

Nyama: hapa ndipo safari hufaulu au kuharibika

Joto la mwili ndilo adui. Ngozi ya musi ni nene kama blanketi, na hata usiku wa nyuzi 2 mnyama aliyeachwa mzima huanza kuoza ndani. Huanzia kwenye kiungo cha nyonga, pale mfupa wa paja unapoingia, kwa sababu ndipo penye nyama nyingi zaidi na hewa haifiki. Ukichelewa, paja litaonekana jekundu na safi kwa nje, lakini ukipenyeza kisu hadi kwenye mfupa utasikia harufu ya uchachu, na umajimaji wa kijivu utakuwa umekwama kwenye kiungo. Hiyo ni karibu robo ya nyama bora, imekwenda.

Kwa hiyo, ndani ya saa moja toa matumbo, na anza kuchuna mara moja. Gawa mnyama sehemu nne, fungua kiungo cha nyonga kwa kisu ili hewa iingie, na weka kila robo kwenye mfuko wake wa kitambaa. Itundike kivulini kwenye upepo, au ilaze juu ya magogo, isiguse ardhi. Usitumie mifuko ya plastiki kwa nyama ya moto, hufungia joto na unyevu ndani. Kwenye kanda zinazodai ushahidi wa jinsia, uache umeshikamana na robo moja ya nyuma. Pia usikimbilie kutoa mifupa yote kabla ya kusajili mnyama kama sheria ya jimbo inataka robo zionekane. Quebec usajili hufanywa ndani ya saa 48 baada ya kuondoka eneo la uwindaji.

Ini na figo ziacheni. Mamlaka za afya za majimbo kadhaa ya mashariki hushauri zisiliwe, kwa kuwa musi hukusanya kadimiamu, metali yenye sumu, humo.

Mchana ukipanda zaidi ya nyuzi 10, tafuta friza au chumba cha baridi siku hiyohiyo. Kwa safari ya nyumbani kuna njia mbili. Ya kwanza ni masanduku ya barafu: manne ya lita 140 hutosha kwa musi mmoja aliyetolewa mifupa pamoja na barafu. Fungua tundu la chini maji yatoke, kwa sababu nyama inayoelea kwenye maji ya damu hupoteza ladha na huharibika. Chupa za lita 2 zilizogandishwa nyumbani hukaa muda mrefu kuliko barafu ya kununua, na hazilowanishi kitu.

Njia ya pili, bora kwa kundi la wanne, ni friza kubwa ya kulala iliyofungwa kwenye trela pamoja na jenereta ndogo ya wati 2,000. Kosa la kawaida ni kutupia humo nyama yenye joto. Friza ya nyumbani haina nguvu ya kupoza kilo 180 kwa mpigo. Kingo zitaganda huku katikati pakioza. Ipoze nyama kwanza hadi ikaribie nyuzi 4, kisha iingize kwa tabaka, kila tabaka likigusa ukuta wa friza. Ikiganda, zima jenereta ukiwa barabarani na uiwashe usiku mnapolala.

Kurudi upande wa Marekani

Kwenye kituo cha mpakani, mkononi uwe na leseni, lebo iliyotumika, stakabadhi ya usajili, fomu ya bunduki, na fomu 3-177 ya idara ya samaki na wanyamapori ya Marekani, iliyojazwa kabla ya kufika dirishani. Baadhi ya majimbo ya Kanada hudai pia kibali cha kumtoa mnyama nje ya jimbo. Hicho kichukue ukiwa bado ndani.

Jambo linalowanasa wengi ni ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaoshambulia ubongo. Umepatikana Alberta, Saskatchewan, Manitoba, British Columbia, na mwaka 2018 kwenye shamba la kulungu huko Quebec. Kwa sababu hiyo majimbo mengi ya Marekani yamezuia mzoga mzima kuingia. Maine na New York hazipokei mzoga mzima kutoka Quebec. Kinachokubalika kwa kawaida ni nyama iliyotolewa mifupa, ngozi bila kichwa, na pembe zenye kipande cha fuvu kilichosafishwa kabisa, bila ubongo wala nyama. Safisha fuvu kambini: likate kwa msumeno, likwangue, lisugue kwa maji yenye klorini, na liache likauke.

Angalia sheria ya jimbo lako, na ya kila jimbo utakalopita njiani. Anayekwenda Pennsylvania kutoka Newfoundland hupita majimbo kadhaa, na nyama isiyo na mfupa, iliyofungwa na kuandikwa jina la mwindaji na namba ya leseni kwenye kila kifurushi, itapita kote bila kufunguliwa upya.